Mti wa Mlangoni kwa Bi Nyamizi

Kanyenye, Tabora
Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri

Mke wangu Tatu,

Salaam aleikum, wewe na wote mlio hapo nyumbani. Mguu wako umepungua uvimbe? Shani ameacha kukohoa? Na Mwinshehe bado anagoma kulala mpaka avalishwe viatu? Nauliza yote kwa mpigo kwa sababu ndiyo niliyoamka nayo kichwani leo. Mimi mzima, nakula nashiba, ila rangi ndiyo imebadilika. Vumbi la huku halibagui. Lile shati jeupe uliloninunulia Idi sasa ni la rangi ya chai, na nimeacha kulifua kwa hasira.

Najua unajiuliza: Shomari ana simu, barua ya nini? Barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Mara tatu nimeanza kukueleza habari za huku, na mara tatu umesema "haya, wewe na mji wako," ukakata. Sikulaumu. Niliondoka hapo Maneromango nikiwa nimeshatia saini mkataba wa mwaka mzima, na wewe habari ukazipata kwa kaka Ramadhani, begi langu likiwa mlangoni. Sasa mwaka unakwisha na kampuni imenipa karatasi nyingine, ya miaka miwili. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi. Sijawajibu. Nataka kwanza ujue yaliyonipata huku, maana kuna moja nililifanya la aibu, na sikukwambia.

Kazi yenyewe ni hii. Mtaa huu wa maduka ulikuwa hauna hata mti wa kufungia mbuzi. Jua likitoka linakaa na wewe mpaka jioni, na wateja walikuwa wananunua haraka haraka kama watu wanaokimbia mvua. Manispaa ikataka mitaa ya biashara itengenezwe: vitofali vya kutembelea, mabenchi, na miti. Kampuni ikapewa kazi, nami ndiye msimamizi wa miche. Miti ya kivuli: mikungu, mijohoro, miarobaini. Kupanda si kazi, Tatu. Kazi ni kuifikisha miche kwenye mvua. Kwetu tuna vuli na tuna masika, mti ukikosa huku utapata kule. Huku mvua ni msimu mmoja. Ikikata imekata, na unakaa miezi unatazama mawingu yanapita yakienda kwa watu wengine. Gari la maji lilikuwa linakuja mara moja kwa juma, likiwa zima. Kwa hiyo tulikubaliana na wenye maduka: kila duka mti wake, kila asubuhi dumu moja la maji. Na wakubwa wangu waliniambia bila kuficha kwamba miti ikikauka mtaa huu hakuna mtaa wa pili, na mimi nifunge begi.

Sasa ndani ya mtaa huo kuna mama mmoja anaitwa Bi Nyamizi. Ni mtu wa makamo ya mama yako, ana duka la vitenge, na barazani ana mafundi cherehani wawili. Ni Mnyamwezi wa mji, wazee wake wamezikwa hapa hapa. Siku ya kwanza nilipita na jembe, nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mtu wa wapi wewe?"

"Wa Kisarawe. Mzaramo."

Akaweka mkasi chini. Akawaita mafundi wake: "Sudi! Njooni mtazame! Mzaramo ameshika jembe!"

Wewe unajua sisi na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao waliposhuka pwani na pembe za ndovu mabegani. Lakini unajua kwa kusikia. Mimi nimekuja kuishi ndani yake. Nikamwambia, "Mama, tumeletwa kuwafundisha. Mlibeba pembe mpaka Bagamoyo, mkasahau kuuliza zinauzwaje." Akajibu hapo hapo, "Na nyie mmeuza viwanja vyote ili mcheze ngoma, sasa mmebaki kulima barabara za wenzenu." Mtaa mzima ukacheka. Kuanzia siku hiyo nikawa na jina, na jina lenyewe siliandiki humu, watoto wasije wakalisoma.

Utani ulipungua nilipochimba shimo mbele ya mlango wake.

"Hapo hapana," alisema. "Mimi nauza rangi. Mteja anatoka na kitenge mlangoni akitazame juani, ndipo aamini kama ni chekundu au ni cha damu ya mzee. Ukinitia giza mlangoni umenimaliza."

Nikamwambia ramani imeshachorwa, mti unatakiwa hapo.

"Hiyo ramani imewahi kuuza kitenge?"

Nilipanda. Mkungu mzuri, wenye kiuno, niliouchagua mwenyewe kitaluni. Akanitazama mpaka nikamaliza kushindilia udongo, kisha akasema, "Haya. Siku moja utakuja hutaukuta." Nikacheka. Maneno ya mtani nani anayashika?

Jumatatu moja, kiangazi kikiwa kimepamba moto, nikafika asubuhi na kukuta shimo tupu. Si mti uliovunjwa wala kuliwa na mbuzi. Umechimbwa vizuri, na udongo umerudishwa. Duka limefungwa. Tatu, unanijua nikipandwa. Sikungoja duka lifunguliwe, sikumwuliza Sudi, sikumwuliza mtu yeyote. Nikakumbuka lile neno lake la "hutaukuta", nikaenda moja kwa moja ofisi ya kata, nikaandika mashtaka ukurasa mzima: kuharibu mali ya umma. Hata mwandiko nilijitahidi. Mtendaji akaisoma, akaniuliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Bi Nyamizi akapelekewa barua ya wito.

Alikuja kesho yake, amevaa baibui lake la kuendea harusini. Akaketi, akauliza kwa upole ameitiwa nini. Mtendaji akamsomea. Alipofika mwisho, Bi Nyamizi hakunitazama mimi, alimtazama yeye.

"Mwanangu, mimi na huyu ni watani. Tangu lini mtani akaandikiwa barua?"

"Mti uko wapi, mama?"

"Uko kwangu Ipuli, nyuma ya jiko, chini ya bomba linalovuja. Unakunywa kuliko mimi."

Akaeleza. Mafundi wake walikuwa wakimwaga majivu ya pasi ya mkaa kwenye shimo la mti, moto bado umo. Aliwakemea, wakaacha, wakarudia. Ijumaa akaona majani yamejikunja. Akauchimba kwa mkono wake mwenyewe, akautia kwenye ndoo ya rangi, akapanda bodaboda, akaupeleka Ipuli ameupakata.

Nikasema, na sauti yangu mwenyewe sikuipenda, "Si ulisema huutaki?"

"Nilisema siutaki. Sikusema naweza kuketi nikitazama kitu kinakufa mlangoni pangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, utani ungekuwa wapi? Nilitaka uhangaike siku mbili tatu, utukane utakavyo, halafu nikurudishie mti una majani mapya." Hapo akamgeukia mtendaji. "Nina umri huu, sijawahi kuitwa ofisini hata kwa kesi ya kuku."

Akajifuta jicho kwa ncha ya mtandio. Tatu, nilitamani ile sakafu inimeze. Mtendaji, naye ni Mnyamwezi, akavua miwani akaniuliza, "Bwana Shomari, ulimwuliza huyu mama kabla ya kuja kwangu?"

"Sikumwuliza."

"Basi hapa hakuna kesi. Kesi iko mtaani kwenu, na mimi siiwezi."

Kesho yake asubuhi nilipofika mtaani hapakuwa na dumu hata moja barazani. Hakuna aliyenitukana. Hilo ndilo lililonitisha. Mwenye duka la simu, ambaye kila siku hunipokea na matusi mapya, aliniitikia salamu kama anamwitikia mgeni wa mazishini. Siku ya pili hivyo hivyo. Gari la maji lilikuwa gereji. Siku ya tatu mijohoro ikaanza kuinamisha ncha, na ile midogo ya mwisho wa mtaa ikawa imelegea mpaka chini. Nilibeba maji mwenyewe kwa baiskeli, asubuhi na jioni, nikawa nawahi nusu na nusu inanishinda. Juma lile sikupiga simu nyumbani. Ulidhani nimenuna. Nilikuwa naona aibu.

Fundi Sudi ndiye aliyenihurumia. Akaniita pembeni akasema, "Kaka, kumkasirikia mtani ni kosa, kumshtaki ndiyo sijawahi kusikia. Na usiende na pole mdomoni. Kosa la mtani halisemwi, linalipwa."

Nikaenda na jogoo. Bi Nyamizi akamgeuza geuza, akamshika kidari, akanirudishia.

"Kuku ninao. Na huyu wako amekonda kama mwenyewe. Babu zangu walibeba mizigo kutoka kwenu mpaka hapa, mwendo wa miezi. Zamu yako. Kesho utachukua mzega, ndoo mbili kwenye ncha za mti mmoja begani, utateka maji kwenye bomba la mwanzo wa mtaa, na utaumwagilia kila mti mpaka mwisho. Kwa miguu. Hakuna baiskeli. Na kila mwenye duka ana ruhusa ya kukusema, nawe hujibu hata neno."

"Hata moja?"

"Umeshajibu. Ongeza ndoo ya mafundi wangu."

Basi, mke wangu, mumeo amekuwa mpagazi. Sijui kama umewahi kubeba mzega wa ndoo mbili zilizojaa. Ule mti unakata bega, ndoo zinacheza, na ukitaka kuzituliza zinakumwagia miguuni. Walikuwa wananingojea. Wametoa viti nje. "Mzaramo, usimwage, pembe hizo!" "Bagamoyo umeiacha lini?" "Mpeni ngoma, ataongeza mwendo!" Mwenye duka la simu akachukua debe kweli, akalipiga mdundiko, ngoma yetu wenyewe. Nami nilivyo, Tatu, unajua lile debe lilinifanya nini. Kiuno kikajibu kabla ya kichwa kukataza. Nikapita mbele ya maduka na ndoo zangu nikicheza, maji yanaruka, kina mama wanapiga vigelegele na matusi pamoja. Nilikuwa nimefedheheka, na nilikuwa nimefurahi, na sikujua kipi kimezidi.

Safari ya nane au ya tisa bega lilikuwa limechubuka. Bi Nyamizi akatoka dukani na kipande cha kitenge amekikunja, akanitandikia begani. "Usinifie hapa," akasema. "Mazishi ya mtani kazi yake naijua, nitachoka." Alipogeuka, nikamwona mwenye duka la simu ameacha debe. Anajaza dumu. Halafu wa vyombo, halafu yule wa dawa za mifugo. Adhuhuri ilipoadhiniwa mtaa mzima ulikuwa umelowa, na mimi nimelowa kuliko mtaa.

Mti aliurudisha Alhamisi, ndani ya ile ndoo ya rangi, una majani mapya manne. Nikashika jembe, safari hii nikauliza: "Mama, tuuweke wapi?" Akanivuta mpaka pembeni mwa baraza, upande wa magharibi. "Hapa. Asubuhi jua linanijia mlangoni, nauza rangi zangu. Alasiri linawapiga mafundi machoni, hawaoni sindano. Mti ukiwa hapa, asubuhi jua langu, alasiri kivuli chao. Ungeuliza, ningekuonyesha siku ile ya kwanza." Ni hatua nne tu kutoka lile shimo la ramani.

Baada ya hapo nilipita duka kwa duka na daftari, nikiuliza jua lako linatoka wapi na linakukera saa ngapi. Watu wana mambo, Tatu! Fundi simu anataka kivuli asubuhi, vioo vinamrudishia jua. Muuza mchele wa Igunga hataki mti wowote unaodondosha maua, yasije yakaingia kwenye mchele. Muuza dawa anataka mwarobaini na hakuna mwingine, anasema nusu ya wateja wake watakuja kuomba majani na watanunua kitu wakiwa hapo hapo. Tulihamisha miche kadhaa. Mhandisi wa kampuni alikunja uso, alipoona madumu yamerudi akaukunjua. Miwili ilikufa, mingine yote imevuka, na juma lililopita mvua ya kwanza ilinyesha. Nilisimama barabarani nikanyeshewa makusudi.

Kivuli bado ni kidogo, nisikudanganye. Lakini vivuli vya kutosha benchi vipo, na mtu akipata pa kusimama anapata na muda wa kuchagua. Bi Nyamizi anasema wateja wa alasiri, ambao zamani walikuwa hawapo kabisa, sasa wanamchelewesha kufunga. Mafundi wameleta cherehani ya tatu. Kila asubuhi nikipita natukanwa kutoka mwanzo wa mtaa mpaka mwisho, na siku nisipotukanwa na mtu fulani naenda kumwuliza kama anaumwa.

Sasa hii karatasi mpya. Ni ya mitaa mingine, kuelekea stesheni. Kazi naipenda, sitaki kukuficha. Sijawahi kuifanya kazi nikaamka naiwaza kwa furaha, isipokuwa hii. Lakini nyumba hii ya chumba kimoja inanila. Jioni napika ugali wa mtu mmoja, nao unabaki. Bi Nyamizi ana vyumba viwili Ipuli, na shule iko karibu, Shani atakwenda kwa miguu. Anasema Mzaramo wa kiume wamemchoka, hana jipya, wanataka wa kike mwenye mdomo. Nimemwambia asiombe asichokijua. Lakini najua una mikorosho yako, una mama yako, una genge ulilolijenga mwenyewe mimi nikiwa sipo. Ukisema nirudi, nitarudi, na sitanuna. Nitaumia kidogo, kisha nitapona, nitapanda miti hapo kwetu mpaka unikataze.

Nisalimie mama mkwe, mwambie asali ya Tabora aliyoiomba iko kwenye chupa aliyonayo kondakta wa basi anayekuletea barua hii. Kaka Ramadhani msalimie pia, na umwambie kazi ya kunipelekea habari zangu kwa mke wangu imekwisha, nashukuru. Shangazi Pili, jirani yetu, mwambie nimejifunza kubeba mzega, akichimba kisima aniite. Shani na Mwinshehe wabusu wote wawili, Mwinshehe mbusu akiwa amelala ndipo hatakupiga teke.

Ile karatasi sikubaki nayo. Nimeikunja mara mbili, iko humu ndani ya bahasha, na juu ya nafasi ya jina langu nimechora mstari mwingine kwa kalamu. Mhandisi aliniuliza wa nini, nikamwambia wa mke wangu, mwenye nyumba. Ukikubali, andika jina lako hapo, Tatu, umrudishie kondakta, ndipo nami nitie saini chini yako. Usipokubali, iwashie jiko, mimi nitaelewa nisipoiona.

Mumeo,
Shomari